Mtaro wa Waya Kwenye Migomba

Banda la gari la marehemu baba liko chini kabisa ya kiwanja chetu, Ikuti, nyuma ya migomba, kwa sababu zamani barabara ilipita upande ule. Pikapu yake iliuzwa miaka mingi iliyopita. Niliporudi nyumbani na mashine zangu mbili, ya kuchomelea na ya randa, niliziweka humo, juu ya sakafu yenye madoa ya oili. Nilipokuwa mtoto nililala chali juu ya madoa hayo, nikimmulikia baba tochi akifungua boliti.

Nilikuwa nimekaa Makambako, Kahama, Tunduma na mahali pengine ambapo sikukaa muda wa kutosha kusema nilikaa. Kote huko nilifanya kazi kwa umeme wa kuazima. Waya unatoka dirishani kwa mwenye nyumba, unaning'inia, unaingia kwangu. Siku ya kuondoka unauviringisha, unautia begani. Sikujua namna nyingine ya kufunga umeme, na sikuwa nimeitafuta.

Kwa hiyo nyumbani nilifanya vilevile. Nilichomeka waya kwenye soketi ya sebuleni, nikaupitisha dirishani, nikauegemeza kwenye miti ileile tunayozuilia mikungu ya ndizi isiangushe migomba, mpaka bandani. Nikawasha randa. Taa ya sebuleni ilififia ikawa nyekundu, kisha mama akaita. Nilipofika soketi ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa na pazia lilikuwa limeshika moto pembeni. Mama alikuwa ameshalishusha na analikanyaga.

Hakunigombeza. Aliuangalia waya ulivyotoka dirishani.

"Huu utaukunja lini?" aliuliza.

Nilimwambia sijui. Ulikuwa ukweli. Mama alikuwa ameniona nikiondoka mara nyingi hata akaacha kunisindikiza kituoni. Siku hizo tuliagana jikoni, yeye akiendelea kumenya ndizi.

Fundi umeme alitoka Bulyaga. Babu yake alikuja huku kutoka pwani akiuza vitambaa, na yeye mwenyewe anazungumza Kinyakyusa vizuri kuliko mimi. Aliitazama soketi, akacheka.

"Kaka, hapa ulichomeka nini?"

"Randa."

"Hapa hata pasi ingelalamika."

Akanieleza kwamba mota ile inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja, na waya wa nyumba hauuwezi. Ilitakiwa kuomba umeme wa fezi tatu, kuweka bodi ya swichi bandani peke yake, na kupigilia ufito wa shaba ardhini ili umeme ukipotea uende chini, usipite mwilini mwangu. Kutoka nyumbani hadi bandani, kebo nene ya kufukia.

"Au nikufungie ya muda," akasema. "Ya kupita juu. Ukitaka kuhama, unakunja."

Mama alikuwa barazani akichambua maharage. Mikono yake ilisimama.

"Tupime kwanza ya kufukia," nilisema.

Fundi akavuta kamba kutoka ukutani hadi bandani, ikanyooka katikati ya migomba. Akapiga jembe la kwanza. Mama akateremka barazani.

"Fundi, umesimama juu ya mama mkwe wangu."

Fundi aliruka pembeni. "Samahani, mama! Sikuona kaburi."

"Ungelionaje? Halina saruji."

Kwetu watu huzikwa nyumbani, lakini ni kaburi la baba tu lenye vigae. Mengine yamekaa chini ya migomba bila alama, labda jiwe, na anayeyajua yote amebaki mama. Mimi nilikuwa nimepitisha waya juu yao bila kufikiri. Mama aling'oa kamba, akatangulia nayo. Kamba ikakata kona kumkwepa bibi, ikapinda tena kumkwepa dada yangu aliyefariki kabla hajapewa jina.

"Mama, kebo inapenda kwenda moja kwa moja," fundi alilalamika.

"Iambie wenzake wamewahi."

Karibu na kaburi la baba palikuwa peupe, pana maharage tu. Mama akapazungusha kamba napo. Fundi akanitazama.

"Mama, hapa hakuna mtu," nilisema.

"Najua."

"Sasa?"

Akaonyesha kwa mguu. "Hapa ni mimi. Hapa ni wewe. Wadogo zako wana viwanja vyao mjini. Wewe huna pengine."

Alisema kama mtu anayegawa vitanda kwa wageni. Fundi alijifanya anapima ukuta. Baadaye akakohoa.

"Basi kaka, tunafukia au tunapitisha juu?"

Nilipaangalia mahali pale. Palikuwa na ukubwa wa kawaida. Kisha nikamwomba jembe, nikaanza kuchimba kufuata kamba ya mama, na kona zake zote.

Udongo wa huku ni mwepesi, na mvua ilikuwa imeulainisha. Tulilaza kebo, tukaifunika kwa mchanga, juu yake tukapanga matofali ili jembe la mtu lisiifikie. Watu wa umeme walipokuja kuunganisha, mama alikaa sebuleni chini ya taa yake kusubiri.

"Washa!" alipaza sauti.

"Nimeshawasha!"

"Mbona taa imetulia?"

"Ndivyo inavyotakiwa!"

"Ndaga," alisema, na hilo kwetu linatosha kwa shukrani.

Bado niko. Gari za Mbeya zikipiga honi juu barabarani, huwa nazima mashine nisikilize zinaelekea wapi, kisha nawasha tena. Nikiwa mlangoni mwa banda naliona lile eneo la maharage. Mama hupanda hapo kila msimu, kwake na kwangu. Msimu huu yamestawi, na juzi tumeyala na ndizi.