Boga Chini ya Ungo

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Masasi, na siku ya wazazi niliapa kwamba hata bibi yangu angetoka darasani anaijua gravitoni.

Niliweka boga la kuchemsha mezani, nikalifunika kwa ungo ulioinuliwa juu ya makopo, kisha nikatoka kuwaita wazazi. Niliporudi, mgeni rasmi kutoka Newala alikuwa ameshaketi mbele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akifuta mdomo.

Nikaviringisha njugu mawe chini ya ungo. Ziliingia zimenyooka, zote zikatokea kushoto.

“Mmeona? Zimegonga kitu tusichokiona, zikapinda. Wanasayansi nao hurusha chembe, wakatazama zinavyotawanyika. Wengi wanaamini hata uvutano hubebwa na chembe, jina lake gravitoni. Hakuna aliyewahi kuikamata, lakini hesabu wanazo.”

Makofi yakalipuka. Kichwa kikanivimba.

“Mimi changu nimekikamata,” nikasema, nikafunua ungo kwa mbwembwe.

Meza ilikuwa tupu, tena imeinamia kushoto, kwenye mguu wake mfupi.

Mama Zuhura, mpishi wetu, akasema taratibu, “Mwalimu, boga nilimpa mgeni. Ametoka Newala hajatia kitu mdomoni, ningemwachaje?”

“Lilikuwa tamu,” mgeni akasema. “Sasa njugu zimepindishwa na nini?”

“Na uvutano, mheshimiwa,” nikajibu, na siku nzima hilo ndilo jambo pekee nililopatia.