Macho Yaliyomponza Mume Wangu

Kabla sijaanza kujitafutia ngozi mpya, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Ifakara, mwanamke wa miaka thelathini na tisa mwenye akili zake timamu, au ndivyo nilivyojidanganya. Kisa kilianza na mtawa mmoja mgeni parokiani. Baada ya misa alitusalimia mimi na mume wangu, mimi akaniamkia shikamoo, kisha akaniuliza kwa upole kama huyu kijana ni mdogo wangu. Kijana! Mume wangu amenizidi miaka minne. Alicheka njia nzima hadi nyumbani, na mimi nikacheka naye kwa meno tu.

Nilipofika ndani nikachukua kioo. Kweli, mifuko ilikuwepo chini ya macho yote mawili, imejaa kama ya mtu anayesafiri. Ningeweza kuulaumu moshi wa kuni, au madaftari niliyosahihisha kwa kibatari, au damu ya kwetu tu, maana mama yangu kule Malinyi anayo mifuko hiyo hiyo na hajawahi kuionea haya. Lakini mama yangu hakusoma. Mimi nilikuwa msomi, na msomi hawezi kuridhika na jambo lililo wazi namna hiyo.

Miaka ile ya tisini soko huria lilikuwa limeshatufikia, na kila kilichotengenezwa duniani kilikuwa na mtu wa kukisifia pale sokoni. Nyuma ya soko palikuwa na saluni ya mama mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam na cheo cha mtaalamu wa ngozi, cheo alichojipa mwenyewe. Alinikalisha kwenye stuli, akanibonyeza chini ya macho kama anayechagua nyanya, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mwalimu, ngozi hii imeshakufa," akasema. "Lakini usijali, tutaotesha nyingine."

Tiba ilikuwa ya hatua mbili. Kwanza maji ya kwenye kichupa, ya kumenya ngozi ya zamani. Halafu krimu nyeupe iliyotengenezwa, kwa maelezo yake, kwa kondo la nyuma la kondoo wa Ulaya, ya kuotesha ngozi changa ya kitoto. Maandishi ya kwenye boksi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua kati yetu wawili, lakini yeye aliyasoma yote bila kukwama.

"Ila usipigwe na jua siku saba," akamalizia.

Ulikuwa mwezi wa nne, mpunga umeanza kutoa maziwa. Mtu yeyote wa bonde la Kilombero anajua maana yake: unahamia shambani kuamia ndege, tangu kunapopambazuka hadi giza linapoingia, unapiga debe na kupiga kelele, la sivyo utavuna mabua matupu. Kesho yake mimi na mume wangu tulikuwa tunahamia kwenye kibanda chetu upande wa Kisawasawa. Kuamia ndege bila kupigwa na jua! Nikamjibu mtaalamu kwamba hakuna shida. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba likizo ikiisha nitarudi shuleni na sura nyingine, na walimu wenzangu wataulizana likizo nzima nilikuwa nakula nini.

Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Kwenye jumuiya yetu ndogo ya Kikristo mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kuwakemea mabinti wanaojichubua kwa mkorogo. Nilikuwa na hotuba nzima, yenye Mungu na uumbaji wake ndani yake, na ilikuwa ikiwaliza watu. Kwa hiyo dawa niliificha ndani ya kanga, nikawa naipaka nyuma ya kibanda mume wangu akiwa katikati ya shamba anagombana na ndege. Kisha navaa kofia yake ya pama na kujihesabu nimejikinga. Siku ya tatu nilipoamka sikuweza kufumbua jicho la kushoto. La kulia lilifumbuka kidogo, la kutosha kuona uso wa mume wangu ukiwa umejaa hofu.

"Mke wangu, umefanyaje?"

"Wadudu," nikasema.

Aliniangalia sana, akaenda kuchota maji ya baridi, akaloweka kitambaa na kunikanda taratibu bila kuuliza tena. Kisha akanipakia kwenye baiskeli mpaka barabarani nipate gari la kurudi mjini, yeye akarudi kwa ndege wake.

Kesho yake ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwetu. Walikuja wanawake kumi na wazee wawili, na mimi nikawapokea na macho yaliyovimba, meusi kama zambarau. Mama mmoja akashika kifua. "Mwalimu! Vipi tena?"

Ningeweza kuirudia tu ile hadithi ya wadudu. Lakini niliona aibu, nikababaika, na katika uongo wote uliopo duniani nikachagua huu: "Nimejigonga mlangoni."

Mtaani kwetu kila mwanamke aliyepigwa na mumewe alikuwa amejigonga mlangoni. Mimi mwenyewe nimeambiwa hivyo na wazazi wa wanafunzi wangu mara nyingi, na kila mara nimeitikia nikijua. Tena walijua nimetoka shambani, ambako kibanda chetu kilizibwa kwa mkeka. Macho mawili, sawasawa kabisa, kwenye mlango usiokuwepo. Siku ile rozari ilisaliwa kwa nia ya amani katika ndoa.

Mume wangu alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, na mwezi ule alikuwa amependekezwa kuwa mwenyekiti wa jumuiya. Kwa nje hakuonyesha kitu. Lakini nilishamsikia karakanani, akidhani yuko peke yake, akifanya mazoezi ya kusoma masomo ya Biblia kwa sauti kubwa. Hakuna jambo nililowahi kumwona akilitaka kiasi kile.

Aliporudi kutoka shambani, wazee wawili wa jumuiya na mama mmoja walikuja kukaa naye. Mimi niliitwa nikae pembeni. Uvimbe ulikuwa umepungua, weusi ulibaki.

"Fundi, hatukuja kukuhukumu," akaanza mzee mmoja. "Shetani hupita nyumba zote. Lakini mtu wa kutuongoza, tunataka kusikia kutoka kwako mwenyewe."

Mume wangu aligeuka akaniangalia. Hakunikunjia uso. Alisubiri tu, na mimi nilijua anasubiri nini. Ilikuwa sentensi moja: nilipaka dawa ya kuotesha ngozi. Nikawafikiria mabinti wa mkorogo na mama zao, nikawasikia wakicheka mtaa mzima, nikainamisha uso.

"Wazee wangu, naomba mnisamehe," akasema. "Na wewe mke wangu, unisamehe."

Walimshika mikono, wakasali, wakamsifu kwa unyenyekevu. Yule mama akanikumbatia na kuniita shujaa. Jumapili ikatangazwa kwamba mwenyekiti atakuwa mtu mwingine, na mume wangu akapiga makofi pamoja na wengine.

Nilimfuata karakanani siku hiyo hiyo, nikilia, nikamwambia yote: mtawa, saluni, kondoo wa Ulaya. Alisikiliza huku akipiga randa ubao.

"Nilijua," akasema. "Niliona ukipaka, kule nyuma ya kibanda."

"Sasa kwa nini hukukataa?"

Akasimamisha randa. "Ningekataa wangekuuliza wewe. Ungewajibu nini?"

Akaendelea kupiga randa. Mifuko ilirudi kabla hata mpunga haujavunwa. Mume wangu tumeshamzika sasa. Kwenye msiba mama yule yule aliyeniita shujaa aliniinamia sikioni, akaninong'oneza kwamba marehemu alikuwa na kasoro zake lakini mwishowe alibadilika. Nikamwambia asante.