Pepo Aliyechukia Maharage

Utotoni mwangu kule Nyaishozi, enzi za mkoloni, mjinga anayejiamini aliitwa mfumu, yaani mganga, na watu wazima walimpigia magoti. Wa kwetu alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti nzito. Wakati ule nilimwogopa. Siku hizi namdharau, na wala sifichi.

Mama yangu alikuwa na mimba changa, akitapika wiki nenda wiki rudi, hata maji hayakukaa tumboni. Kisha macho yakaanza kumchezacheza yenyewe, kushoto, kulia, akawa anatembea ametanua miguu huku akishika ukuta. Mfumu alipomwona alifurahi, ati!

"Pepo ameshakalia kiti chake," alimwambia Baba. "Maharage hataki, nyama hataki. Mpeni omuramba tu."

Omuramba ni maji matamu ya ndizi mbivu. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilimnywesha Mama asubuhi, mchana na jioni, na kila siku akazidi kupotea. Asubuhi moja alisema jana alikuwa kijiji cha Ihembe, akivuna na bibi. Bibi alikufa kabla sijazaliwa, na Mama hakuwa ametoka kitandani.

"Mnasikia? Anasafiri na wafu!" Mfumu akapiga makofi.

Basi majirani wakamiminika, watu wenye akili zao timamu, kumuuliza mgonjwa mbuzi wao wamepotelea wapi. Naye, maskini, akawajibu lolote lililomjia mdomoni. Baba akavimba kichwa utadhani kapewa uchifu.

"Baba, tumpeleke hospitali ya misheni," nilimsihi.

"Nyamaza wewe! Unataka kumkasirisha pepo mgeni wetu?"

Mimba ikatoka. Mfumu akasema pepo amechukua chake. Mshenzi yule!

Niliposomea ukunga ndipo nilipoelewa. Kutapika kulimpotezea Mama vitamini ambayo ubongo hauwezi kukaa bila yake, na ule utamu mtupu ukamalizia kidogo kilichobaki. Maharage aliyonyimwa yalikuwa nayo.

Mimba ilipotoka, kutapika kulikoma. Alikula, akanenepa, akaishi miaka mingi. Lakini hakuna jambo jipya lililokaa tena kichwani mwake. Nilimwendea na sare yangu nyeupe, mkunga mzima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, binti," alinijibu kwa adabu. "Hukumwona mwanangu huko njiani? Ana miaka tisa."

Nilimwambia anakuja. Kisha nikatoka nje nikawalaani wote, nami nikiwemo.