Nilitikisa Kichwa kwa Furaha, Wakasema Nimepandwa na Shetani

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu hamjambo. Wenye ukurasa naomba mnifichie jina, kisiwa chetu ni kidogo. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Naishi na mama Utende, hapa Mafia. Mama anafua mashuka kwenye hoteli ya wageni wanaokuja kuzamia ndani ya hifadhi ya bahari. Mimi ni mtu wa kimya. Nikijibu swali darasani, mwalimu alikuwa ananiambia, "Rudia, umesikika wewe na dawati lako tu."

Nilipokuwa kidato cha pili, mgeni mmoja mzee alimwachia mama simu yake ya zamani. Ilikuwa na nyimbo za bendi moja tu ya Ulaya: magitaa makali, ngoma za kukimbia, na mwanamume anayeimba juu kabisa kama anaita mtu aliye ng'ambo. Wanaimba habari za mazimwi na wafalme waliofukuzwa wanaorudi kwao. Nilitafuta maneno yao kwenye kamusi mpaka nikayahifadhi yote. Sikuwa na wa kumwambia. Rafiki yangu mmoja nilimsikilizisha, akavua hedifoni haraka. "Wewe, hawa si wanagombana?"

Mwaka huu binamu yangu anayesoma chuo Morogoro akanitumia tangazo. Bendi ile ile inakuja kupiga kwenye ukumbi wa chuo chao, kwa sababu binti wa mpiga ngoma anafundisha pale. Nikamwomba mama ruhusa niende Morogoro kumsalimia mama mkubwa, mama yake binamu. Akakubali. Habari ya muziki sikumwambia. Hapo nilikosa, nakiri.

Ilikuwa alasiri. Jamani, wamezeeka! Mwimbaji ana mvi mpaka mgongoni, na kila baada ya wimbo anakaa kitini akishika goti. Ukumbi haukujaa hata nusu. Binamu alikaa nyuma na simu yake, mimi nikasogea mpaka nikagusa jukwaa. Pembeni yangu alikuwepo dada mmoja nisiyemjua, naye anayajua maneno yote. Tuliimba tukitazamana. Watu wa muziki ule wakifurahi hutikisa kichwa mbele na nyuma kufuata ngoma. Nami nikatikisa. Mtandio ukaangukia mabegani, sikujali. Niliimba mpaka koo likauma. Mwisho yule dada akanikumbatia, akaenda zake. Hata jina sikumuuliza.

Kumbe binamu alinirekodi, akaniweka kwenye stetasi yake kwa utani. Kabla sijapanda boti Nyamisati kurudi, video ilishafika Mafia. Wenzangu wa bara huenda hamjui: kwetu, mwanamke akitikisa kichwa namna ile mbele ya ngoma, maana yake ni moja. Shetani kampanda. Na video yenyewe sauti mbovu, inasikika ngoma tu.

Bombani wasichana wakaanza. "Mpisheni, msije mkamkanyaga mwenyewe wa kichwani!" Mwingine akadakia, "Mwulizeni kwanza, anataka ubani au halua?" Wakacheka. Nikajaza ndoo nusu, nikaondoka.

Lililoniuma zaidi ni watoto. Jioni huwa nafundisha wadogo herufi pale madrasa. Mbele yao tu ndipo sauti yangu hutoka. Wazazi wakaanza kuwazuia. Ustadhi wetu, mtu mwema sana, akaamua nisomewe Kurani Alhamisi mbele ya wazazi, shetani atoke, kisha nirudi kufundisha.

Nikamwambia, "Ustadhi, mimi nilikuwa nafurahi tu."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hata yeye aliyekupanda ndivyo anavyosema."

Nikarudi kwa mama, nikamweleza kila kitu, nikampigia na wimbo mmoja. Aliusikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Akasema, "Najua huna kitu. Nimekuzaa mimi. Lakini ukisomewa ukakaa kimya, watasema shetani kajificha. Tikisa kichwa kidogo, lia kidogo, sema 'natoka', yaishe." Kisha akaongeza, "Na mimi nipumzike. Kazini siku hizi nala peke yangu."

Ndugu zangu, nikifanya hivyo nitakuwa nimeigiza mbele ya Kurani inayosomwa. Na ile alasiri moja ambayo sikuwa mpweke, nitakuwa nimeikabidhi kwa shetani asiyekuwepo, niseme ilikuwa yake. Nikikataa, watoto siwapati tena, na mama ataendelea kula peke yake kwa ajili yangu.

Leo ni Jumanne. Mama ameshaazima mikeka kwa jirani. Hasa nyinyi mama zangu na dada zangu wa pwani mnaoyajua mambo haya, naomba mniambie bila kunicheka: Alhamisi nitikise kichwa, au nikae kimya?