Aliyepaka Breki Zangu Mafuta

Baba mkwe wangu alikuwa amekaa juu ya boneti, ameshika waipa kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda fahali, na gari ilikuwa bado inatembea. Kusema kweli siku hiyo hakuwa baba mkwe bado. Alikuwa mzee wa watu ambaye nilikuja kumwomba binti yake. Mimi ndani, yeye nje, kioo katikati, tunaangaliana macho kwa macho. Nilikuwa nimekanyaga breki mpaka goti linatetemeka. Gari haikujali. Iliangusha meza, ikapita katikati ya migomba miwili, ikagonga pipa la uji wa mtama lililowekwa pale upoe kwa ajili ya wageni, na wageni wenyewe ni sisi. Pipa likalala, uji ukamwagika, na hapo ndipo gari ikasimama. Usidhani ni breki. Ilisimamishwa na uji na rundo la kuni.

Mzee akateleza kutoka kwenye boneti taratibu, bila haraka, akakaa ndani ya uji.

Sasa, upande wao kulikuwa na msemaji, mzee mwenye kofia ya manyoya, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kutupokea na kujifanya hajui tunataka nini, kama desturi inavyotaka. Maneno yake alikuwa ameyapanga tangu asubuhi na mengine hakuwa nayo. Akakohoa, akasema:

"Wageni, tumewaona. Mmekuja kutafuta nini?"

Watu wamenicheka kwa ajili ya siku hiyo zaidi ya miaka ishirini. Sasa nasema vile ilikuwa, na nasema ni nani.

Mambo yalianzia Siakago, miaka ya tisini, wakati nilikuwa nanunua ndengu kwa wakulima na kuzipeleka Embu mjini. Shule niliiacha darasa la tano, lakini gari nilikuwa nayo. Gari ndogo nyeupe, niliinunua kwa afisa mmoja wa kilimo aliyehamishwa. Alikuwa ameiacha chini ya mgunga msimu mzima wa mvua, na ile sahani ya chuma iliyo ndani ya gurudumu la mbele, ambayo mafundi wanaita diski, ilikuwa imeshika kutu mpaka ina mabonde. Breki inasimamisha gari kwa kuibana hiyo sahani. Ikiwa mbovu, inapiga kelele.

Yangu ililia vibaya. Nikikanyaga breki sokoni, punda wote wa Siakago wananijibu. Jumapili nikifika kanisani nimechelewa, mhubiri anakatiza maombi, anasema macho yakiwa bado yamefungwa, "Tumsubiri ndugu yetu asimame." Mama mmoja aliniletea malalamiko kwamba maziwa yake yamefurika kwa sababu yangu, kwamba alishtuka akakimbia nje akidhani mtoto ameungua.

Mtu mmoja tu ndiye aliyependa ile sauti. Msichana wa kutoka Kanyakine aliyekuwa anashona sare za shule pale sokoni. Aliniambia anaisikia nikiwa mbali, anapata nafasi ya kubadilisha kitambaa cha kichwa. Nilimpenda huyo msichana kuliko ndengu zote za kwetu Mbeere. Tulipokubaliana niende kwao, alinipa sharti moja tu.

"Baba hapendi kelele. Ukija na hiyo breki yako, hata karibu hutaambiwa."

Basi nikaenda kwa fundi, karibu na posho mill, kinu cha kusaga unga. Nilienda na shangazi yangu, dada ya marehemu baba, aliyenilea. Mkumbuke shangazi.

Fundi akapandisha gari kwa jeki, akatoa gurudumu, akachungulia.

"Kutu ya kawaida siyo ugonjwa," akasema. "Gari ikinyeshewa ikalala, asubuhi diski ni nyekundu. Unaendesha, unakanyaga breki pole pole mara kadhaa, inajifuta yenyewe. Yako imelala sana."

Akasugua diski kwa msasa. Akatoa pedi, vile vipande vinavyobana diski, zilikuwa zimeng'aa kama kioo, nazo akazikwaruza. Ile kung'aa ndiyo ilikuwa inapiga kelele. Halafu, na hapa ndipo mimi nilipoharibiwa maisha, akachota grisi kidogo kwa ncha ya kidole, akapaka mgongo wa pedi, ule upande usiogusa diski, ili zisitetemeke zikalia.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake na kikapu.

"Kumbe ni mafuta tu!" akasema. "Na huyu mtoto amepigia watu kelele mwaka mzima!"

Fundi angeweza kumwambia: mama, ni mgongoni tu, diski yenyewe ikiguswa na mafuta gari haisimami. Maneno hayo ni machache. Fundi alicheka, akapangusa mikono kwa suruali, akasema:

"Mafuta ni dawa, mama."

Fundi, wewe ni mkosaji wa kwanza. Lakini kosa lako ni dogo.

Gari ikanyamaza. Punda wakanitafuta. Siku ya kwenda Kanyakine ikafika, na tukaondoka alfajiri, mimi, shangazi kiti cha mbele, na wazee wawili wa ukoo wetu kule nyuma na vibuyu vya asali magotini. Barabara ilikuwa na matope kutoka Chuka mpaka tukachoka. Breki zilishika vizuri safari nzima. Nilikuwa naendesha kama mtu wa serikali.

Sasa lazima nieleze kitu juu ya shangazi. Kwake yeye hakuna aibu kubwa duniani kama kuingia boma la watu na miguu mikavu. Miguu myeupe, yenye vumbi, ambayo haijapakwa mafuta. Alisema ukiwa hivyo wenye boma watajua kwenu hakuna mama. Kwa hivyo kila safari ya heshima anasimamisha watu mtoni kabla ya kufika, mnaosha miguu, mnapaka mafuta, ndipo mnaenda. Alikuwa na kikopo cha mafuta ya mgando, yale ya watoto, yenye kunukia.

Tukasimama kwenye kijito kilicho juu ya boma lao. Tukaosha. Akapaka wazee wale wawili kwa nguvu, mmoja akilalamika kwamba anatekenywa. Alipomaliza watu akaangalia gari, akaona matope, akachukua kibuyu akaosha magurudumu pia, ndani na nje. Halafu tukaletewa ujumbe tungoje, wenyeji hawako tayari. Wenyeji huwa hawako tayari, hiyo ni sehemu ya mambo. Tukangoja mpaka jua likasogea. Na diski iliyosuguliwa, ikimwagiwa maji ikaachwa, inafanya kutu haraka sana. Unaangalia kando, ukirudi imekuwa rangi ya karoti. Rimu zangu zilikuwa na matundu makubwa. Diski zilionekana wazi.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa nyuma ya kichaka nabadilisha shati na kurudia maneno nitakayosema. Yaliyotokea niliambiwa baadaye na wale wazee, Mungu awapumzishe. Shangazi aliinama mbele ya gurudumu, akapiga makofi ya kusikitika.

"Tazameni! Mtoto wa ndugu yangu anaenda kwa wakwe na gari yenye miguu ya mchunga mbuzi!"

Akapaka. Upande wa kulia, upande wa kushoto, vidole viwili vikipita ndani ya matundu ya rimu, mpaka kikopo kikabaki na mistari ya vidole tu.

Tulipoitwa nikawasha gari. Boma lao liko chini ya mteremko, na langoni wanawake wa kwao walikuwa wamefunga njia kwa kamba iliyosukwa kwa maganda ya migomba na maua. Hiyo ndiyo desturi yenyewe. Wanafunga, wanaimba, wanakutukana kidogo kwa mchezo, wewe unasimama, unabembeleza, mpaka wakuonee huruma wakufungulie. Mgeni anayevuka ile kamba bila kufunguliwa hajaja kuomba. Amekuja kunyang'anya.

Mwanzo wa mteremko niligusa breki kidogo. Nikasikia ukimya. Hata mlio wa panya hakuna. Nikafurahi, nikamtazama shangazi.

"Unasikia?" akasema, amejawa na fahari. "Haisemi kitu."

Nikagusa tena. Ukimya. Nikagundua miti inapita upesi.

"Shangazi, breki haishiki."

"Usikanyage sana, utayafuta!"

"Nitafuta nini?"

Shangazi akaangalia nje ya dirisha.

"Shangazi, nitafuta nini?"

"Endesha gari, mwanangu."

Hendibreki, ile ya mkono, ilikuwa pambo tu tangu siku za yule afisa. Breki za nyuma, ambazo hazina diski, zilikuwa dhaifu kama uji wenyewe. Nikapiga honi. Wanawake wakadhani ndiyo shangwe, wakaongeza wimbo. Halafu waliona macho yangu, wakaachilia kamba wakatawanyika, na kamba ikajizungusha kwenye bampa, maua yote mbele, gari ikaingia imepambwa. Mzee alikuwa amesimama katikati ya njia ameinua mkono atusalimie. Hakupanda boneti kwa kupenda. Nashukuru hakuna aliyeumia, mimi tu, na mimi niliumia ndani.

Turudi kwenye uji. Mzee akainuka, unamdondoka kwenye koti, akanielekezea fimbo.

"Huyu ameingia bila kuomba."

"Baba, ni breki," akasema yule msichana, aliyekuwa ametoka jikoni na alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Breki zake ni mbovu. Siakago nzima wanazijua kwa kelele."

"Kelele iko wapi? Umesikia kelele? Breki ya mtu inaharibika kimya hivyo?" Mzee akanusa hewa. Magurudumu yalikuwa yanatoa moshi, na moshi ulinukia mtoto mchanga aliyetoka kuoga. "Na hiyo harufu ni ya nini? Huyu amekunywa, halafu akajipaka manukato afiche."

Mimi sijawahi kuonja pombe maishani. Nikamgeukia shangazi, mtu mzima ambaye maneno yake yangepokelewa. Watu wote walimwangalia. Kikopo kilikuwa chini ya leso aliyojifunga, niliona kifuniko. Akavuta pumzi. Nikajua sasa anasema, nimeokoka. Akatikisa kichwa, akasema:

"Vijana wa siku hizi."

Msichana nilipewa, kwa sababu alikaa chini kwenye ule uji akakataa kuinuka mpaka nikubaliwe. Lakini mzee alitoa hukumu. Mtu huyu, alisema, hataingiza gurudumu lolote katika boma langu maisha yake yote. Ataacha gari kijitoni, atashuka kwa miguu, atasimama langoni, ataomba kwa mdomo.

Nimetii. Tulipopeleka mtoto wetu wa kwanza kuonyeshwa, mvua inanyesha, nilishuka na gunia la ndengu mgongoni, nikasimama langoni nikaomba. Siku nyingine nilienda nikisukuma zawadi kwa wilbaro ya gurudumu moja, nikalazimika kuinua wilbaro begani, kwa sababu mzee alisema hilo nalo ni gurudumu. Mashemeji zangu wanaegesha magari mlangoni kabisa, wanashuka na viatu vikavu. Sasa nimepita hamsini, goti langu la kulia limeharibika, lile lile lililokanyaga breki. Krismasi iliyopita mzee, amezeeka sana lakini ulimi bado mkali, aliwaambia wanangu nikiwa nimekaa hapo: "Baba yenu siku hizi ametulia. Zamani alikuwa mlevi." Wanangu waliniangalia. Mke wangu alijaribu kueleza. Akaambiwa mke hawezi kumtolea mume ushahidi.

Wale wazee wawili wamekufa bila kukubali kumwaibisha shangazi mbele ya wakwe. Fundi alihama na jeki yake, sijui aliko. Shahidi amebaki mmoja, na huyo shahidi ndiye mkosaji. Shangazi, uko hai, una nguvu, unatembea kwenda kanisani kila Jumapili na miguu yako inang'aa. Nikikuuliza unasema, "Mimi nilipaka za mbele tu." Shangazi, diski ziko mbele tu!

Mzee hana siku nyingi. Nataka Jumamosi hii uje. Ubebe kikopo, kama ni kingine ni sawa. Ushuke ule mteremko mwenyewe, usimame pale penye migomba miwili, umwambie mbele ya wanangu ni nani aliyepaka, na umwambie sikuwa nimekunywa. Mimi nitakuwa nangoja pale kijitoni ndani ya gari, injini ikiunguruma, mpaka nisikie mtu ananiita niingie.