Miguu Aliyoijua Khadija

Wiki tatu nzima Khadija hakurusha mguu hata mmoja. Tangu baba yake, mfanyakazi wa reli, ahamishwe kutoka Ubundu kuja Lubunga, kazi ya Khadija wakati wa mapumziko shuleni ilikuwa kusimama kando na kuwahesabia wasichana wenzake pointi za mchezo wa nzango. Mgeni ndiye huhesabu. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ilimuuma. Mama akimuuliza kama amepata marafiki, alijibu ndiyo, kisha akainamia sahani.

Katika nzango wawili husimama uso kwa uso, wakaruka na kupiga makofi huku timu zikiimba, halafu kila mmoja hutupa mguu mmoja mbele. Timu moja huchagua miguu ielekeane, nyingine huchagua ipishane, na pointi huenda kwa iliyopata ilichochagua. Na hakuna aliyemfikia Chancelle wa darasa la sita, msichana mrefu mwenye maringo, na maringo yenyewe ya haki, maana mchezo aliujua.

Ijumaa moja Émilie aliugua, na timu yake, iliyoongozwa na Pélagie, ikapungukiwa mtu. Pélagie akaangaza huku na huku, akakuna kichwa, mwisho akamwita Khadija. Wenzake wakaguna. Chancelle akasema afadhali wangemchukua mbuzi wa mlinzi.

Walikuwa tisa kwa tisa, na kumi ndiyo ushindi, zamu ilipomfikia Khadija. Mbele yake alisimama Chancelle mwenyewe. Lakini jamani, humpi mtu kazi ya kutazama miguu yako wiki tatu halafu ukadhani haijui! Kila akitaka kutupa mguu wa kushoto, Chancelle hushusha kwanza bega la kulia.

Wimbo ukapanda. Bega likashuka. Timu ya Pélagie ilihitaji miguu ielekeane, basi Khadija akatupa wa kulia, ulio mkabala na wa kushoto wa Chancelle, na miguu yao ikaelekeana sawasawa.

Chancelle akadai warudie. Wakarudia mara mbili, na mara zote mbili akashindwa. Akahema, akajifuta jasho, akamshika Khadija mkono.

“Lundi utacheza ku upande yangu,” akasema, kana kwamba Jumatatu imeshafika.

“Hapana,” Pélagie akajibu, akiuvuta mkono wa pili. “Huyu iko mutu yetu.”

Kengele ikalia. Mikono ilimuuma kwa kuvutwa, na Khadija, kwa furaha iliyomjaa, hakumwambia yeyote amwachie.