Woki-toki za Kiunoni

Kwenye mjengo wetu wa Kinoo kulikuwa na woki-toki, zile redio za kuzungumzia, za aina mbili, na hadi leo nikizikumbuka damu inanichemka. Za bei ghali zilikuwa tatu: ya mhandisi, ya mlinzi wa lango, na moja iliyoning'inia kiunoni mwa msimamizi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuulizia chai yake imefika wapi. Za bei rahisi msimamizi alizinunua sokoni Ngara, mbili ndani ya pakiti moja, akatupatia sisi tuliopitisha vyuma juu ya vichwa vya watu.

Mimi ndiye niliyeendesha kreni. Kutoka kibanda changu cha juu niliona barabara ya Waiyaki Way yote, lakini upande wa nyuma wa jengo, mzigo ulikoshukia, sikuuona. Macho yangu huko chini yalikuwa mzee mmoja kutoka Kakamega, mtoa ishara wetu. Katika kazi hii kuna sheria moja ya zamani: mtoa ishara haachi kuongea. Shusha, shusha, polepole, shusha. Sauti ikikatika, nasimamisha kila kitu, hata kama amekatwa na kikohozi tu. Mzee yule alikuwa kama anaimba, nami nilishusha kwa mdundo wake.

Zile za Ngara hazikuweza kuongea hivyo. Kufikia saa nne asubuhi betri zilikuwa zishaanza kulia kwamba zinaisha. Nilimwendea msimamizi nikamwomba atupe mbili kati ya zile nzuri; mlinzi angeweza kuita kwa mdomo, lango liko hapo tu. Alicheka. Alisema woki-toki ni woki-toki, na kwamba shida yetu ni domo. Kuanzia siku hiyo tuongee tukiwa na neno la maana peke yake. Mzee akinyamaza, nijue mambo ni sawa, niendelee kushusha.

"Msichana wangu," mzee aliniambia tukitoka pale, "hii kitu itaumiza mtu."

Nilimjibu tuvumilie. Nilikuwa na kodi ya nyumba, yeye alikuwa na watoto shuleni, na kazi ya kreni haiokotwi barabarani.

Wiki ya tatu baada ya amri hiyo, karibu na saa ya chakula, nilishusha furushi la vyuma. Kimya. Nikaendelea kushusha. Kimya. Kisha nikaona mafundi wakikimbilia nyuma ya jengo, wote kwa pamoja, na mmoja akinipungia mikono yote miwili. Furushi lilikuwa limezunguka, mzee akalisukuma lisimpige fundi aliyekuwa ameinama, likambana mkono kwenye nguzo. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

"Nilisema simama," aliniambia hospitalini. "Nilisema mara tatu."

Nilimwamini kabla hajamaliza. Ile takataka ilikuwa imezimika mkononi mwake.

Kesho yake msimamizi aliniita ofisini. Alifungua woki-toki kiunoni mwake akaniwekea mezani, eti sasa ni yangu. Nilibonyeza kuijaribu, na mlinzi wa lango akaitika. Nilimsikia mpaka akivuta pumzi. Nilitaka kuipasua ukutani. Kumbe muda wote huo sauti ya mzee ingenifikia hivyo.

Kisha akanisukumia karatasi. Alitaka niandike kwamba mzee hakutoa ishara, ili kosa liwe la mzee na asilipwe chochote.

"Si ni ukweli? Wewe ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Basi andika hivyo tu."

Nikaandika hivyo. Niliandika kwamba sikusikia kitu, na kwamba ni yeye msimamizi aliyeniamuru nisiposikia kitu niendelee kushusha. Nikaandika siku aliyotuamuru na maneno aliyotumia. Nikamrudishia woki-toki yake juu ya karatasi. Lakini kabla ya hapo, kabla ya kutia sahihi, nilikuwa nimeongeza mstari mmoja ambao hakuna aliyeniomba: nami nilikubali.